Tulivyoupanda Mlima Marsabit Bila Kuuona

Mmeniuliza mara nyingi, ninyi niliosoma nanyi chuo cha ualimu, kitu gani kilinitoa darasani katikati ya muhula na kunifikisha Marsabit, mimi ambaye hata Kisumu huenda kwa kusukumwa. Kila mmoja wenu amekwisha kujitungia jibu. Mmoja anasema mlima ulilipuka. Mwingine kasikia nilikwenda kuoa, tena kwa mahari ya ngamia. Basi nimekaa, nimechonga penseli, nitasimulia mara moja tu. Nauli na vibali sitavigusa, maana havina utamu. Atakayeuliza tena baada ya hapa atakata nyasi kama mwanafunzi mchelewaji.

GESIMA

Ndugu yangu mdogo, Samweli, alikuwa Marsabit katika kambi ya watu waliokuwa wakichimba kokoto za barabara mpya ya kaskazini. Kabla ya hapo alikuwa mwalimu kama mimi, katika shule ya kanisa letu la Sabato. Aliacha kwa sababu alipenda mawe kuliko watoto, na simlaumu, maana mawe hayaandiki insha. Shida ni kwamba kambi ile ilifanya kazi Jumamosi, na baba yetu ni mzee wa kanisa. Siku Samweli alipoaga, mzee alisimama mlangoni akamwambia, "Ukivunja Sabato kwa ajili ya kokoto, usiniite Tata tena." Tata ndivyo sisi Wakisii tunavyomwita baba mzazi. Samweli akabeba sanduku lake akaenda. Kwa miaka mitatu hakuna aliyemtaja mwenzake.

Kisha siku moja ya Jumanne akaja tarishi wa chifu na karatasi. Ilikuwa nakala ya ujumbe uliopitishwa kwa redio ya polisi kutoka kituo hadi kituo. Mzee alikuwa ametoka kuchuma majani chai, mama alikuwa anaanika wimbi uani. Nikausoma kwa sauti, kwa Kiswahili chake, kama ulivyoandikwa: "Samweli ameumizwa na mawe ya volkeno mlima Marsabit. Hali mbaya. Mgonjwa anaita baba baba. Baba afike."

Mzee alinyang'anya karatasi. Hana macho ya kusomea, lakini aliishika kwa mikono miwili.

"Ananiita," akasema. "Mmesikia? Ananiita mimi."

Mama alibaki ameshika ungo. Alimtazama mzee, akanitazama mimi, kisha akaushusha ungo chini. "Basi nenda," akamwambia. "Usikawie hata kidogo." Akaingia ndani kufungasha unga wa wimbi, mkungu mdogo wa ndizi mbivu na koti zito la mzee. Nilimfuata nikamuuliza kama haji nasi.

"Mimi sikuitwa," akasema, wala hakuinua uso.

Jua halijazama, mlima mzima wa kwetu Gesima ulikuwa umejua kwamba Marsabit imepasuka na kumwaga moto. Kosa lilikuwa langu. Wiki ile ile nilikuwa nimefundisha darasa la saba habari za volkeno, nikawatengenezea mlima wa udongo na kutia vichwa vya kiberiti tumboni mwake. Nilitaja Kilimanjaro, nikataja Marsabit. Watoto wakapeleka habari nyumbani, na sasa akina mama wakaja kutupa pole kama watu waliofiwa.

"Wewe mwalimu," mzee akaniuliza, "umepasuka au haujapasuka?"

"Tata, mlima ule umelala tangu kabla ya Nuhu."

"Sasa mawe yamemuumizaje mtoto wangu?"

"Sijui."

"Kumbe hujui," akasema. Nadhani hilo lilimfurahisha kidogo.

KWA MIGUU HADI KEROKA, KWA BASI HADI NAKURU

Jumatano alfajiri tulishuka kwa miguu hadi Keroka, matope hadi kwenye vifundo, mzee akitangulia kwa mwendo wa mtu wa miaka thelathini. Basi lilikuja limechelewa. Kupita Sotik likatoboka gurudumu, wakabadilisha. Karibu na Kericho likatoboka la pili, na la akiba ndilo lile lililokwisha kutoboka. Tulikaa kando ya barabara muda wa saa nne. Dereva alimlaumu kondakta, kondakta akamlaumu fundi wa Kisii, na fundi hakuwapo kujitetea. Abiria walikula mahindi. Mzee hakula. Kila baada ya muda alikuwa akitoa ile karatasi mfukoni, anaikunjua, anaikunja.

Nakuru tulilala kwa muumini mwenzake. Asubuhi tukaingia hoteli kunywa kitu cha moto. Ninyi mnajua Wasabato wa kwetu: tunalima chai ekari kwa ekari, wala hatuinywi. Mzee akaagiza maziwa na mkate. Mimi nikaagiza soda, kwa sababu nilikuwa na somo la kufundisha. Usiku kucha alikuwa ameniuliza mlima hupasukaje, nami nilikuwa nimejibu vibaya kwa usingizi.

"Tata," nikasema, "chini kabisa ya ardhi kuna joto linaloyeyusha mawe yakawa kama uji. Uji huo ni mwepesi kuliko mawe magumu yaliyouzunguka, kwa hiyo hupanda. Ndani yake kuna gesi imejificha, kama ilivyojificha humu ndani ya soda. Unaiona?"

"Siioni."

"Ndiyo maana nasema imejificha. Uzito wa ardhi ndio kizibo. Uji ukikaribia juu, uzito unapungua, gesi inajitokeza kwa mapovu. Sasa kama uji ni mwembamba, mapovu hutoka yenyewe na uji hutiririka taratibu. Ukiwa mzito kama ugali, gesi hukwama, hukwama, mpaka siku moja..."

Hapa nikaitikisa chupa na kuifungua kwa meno. Nilikusudia itoke kidogo tu. Ala! Iliruka hadi meza ya pili, ikamwogesha bwana mmoja mwenye suti ya kitani aliyekuwa anaumauma sambusa yake kwa adabu zote. Bwana yule alisimama akinidondokea. Nilimwomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kiingereza, na kwa leso yangu.

Mzee alikuwa anatikisa kichwa. "Somo nimelielewa," akasema. "Sasa funga duka."

Tulipotoka nikamwonyesha Menengai, ule mgongo mrefu nyuma ya mji. Nikamweleza kwamba zamani ulikuwa mlima mpana, halafu uji wa ndani ulipomwagika nje tumbo likabaki tupu, na kilele kikaporomoka ndani. Juu sasa kuna shimo ambalo mtu hawezi kulizunguka asubuhi moja, na mvuke bado unafuka humo.

"Kwa hiyo ulijitapikia mpaka ukaanguka ndani ya tumbo lako mwenyewe."

"Ndiyo, Tata."

"Hiyo nayo ni akili gani," akasema, tukaenda kutafuta gari la Nyahururu.

NYAHURURU, NANYUKI, ISIOLO

Kutoka Nyahururu hadi Nanyuki tulipewa nafasi kwenye gari la mtu aliyekuwa akipeleka kabichi. Mawingu yakafunguka tukiwa Nanyuki, na Mlima Kenya ukajitokeza wote, vilele vyake vimechongoka, vyeupe juu. Mzee aliuvulia kofia.

"Huo ndio mlima," akasema. "Na wa Samweli uko hivyo?"

Nikamwambia huu ulijengwa na uji mzito, uliosimama pale pale ulipomwagika, ukichanganyika na majivu ya milipuko, ndiyo maana ukawa mrefu na mkali. Kile kilele ni uji uliogandia kooni mwake tu. Nyama ya nje imeliwa na barafu na mvua. Lakini Marsabit ni wa aina nyingine, wataalamu huuita mlima ngao. Hakuniamini. Kwake mlima ni kitu unachokiona ukiwa mbali.

Isiolo tulifika Ijumaa alasiri. Vumbi, mbuzi, maduka ya mabati, na kizuizi cha polisi ambacho gari halikipiti bila kuandikwa. Lori lililokuwa tayari ni moja tu, la dereva Mborana aitwaye Halake, limepakia unga na sukari. Lingeondoka kesho yake asubuhi. Lingine, labda Jumatano, labda lisije.

Mzee aliketi barazani pa duka akisoma Zaburi kwa kukariri. Mimi nilikuwa naulizia maji ndipo mtu mmoja mwenye mikono ya grisi aliponishika bega.

"Wewe ni ndugu yake Samweli. Masikio ni yale yale."

Alikuwa Mutua, fundi wa magari wa kambi, Mkamba, amekuja Isiolo kuchukua vipuri na anarudi kwa lori lile lile. Nikamuuliza upesi kama ndugu yangu bado yu hai.

"Yu hai, lakini moto wa homa unamla. Jiwe lilimbana mguu. Walitia baruti kwenye kilima cha changarawe nyeusi, jiwe moja likakataa kushuka. Lilisubiri watu wakaribie."

"Kwa hiyo mlima haukulipuka?"

"Mlima? Ni sisi tuliolipua, mwalimu. Mlima haukumgusa mtu." Akacheka, kisha akaona haya akaacha. "Tangu siku hiyo hali kitu, hasemi kitu, ila maneno matatu. Kambi nzima tumekuwa Wakisii. Kutwa nzima, *Baba are ng'ai? Baba are ng'ai?*"

Nilimwomba arudie. Akarudia, tena kwa lafudhi safi kabisa.

Hapa lazima niwaeleze, ninyi msio wa kwetu, msije mkapotea. Kwa Kikisii, baba ni mama. Sifanyi mzaha. Mama mzazi ndiye tunayemwita Baba, na baba mzazi ndiye Tata. Mtoto wa Kikisii akianguka hulia "Baba!" na anayekimbia ni mama yake. Dresa wa kambi, yule afungaye vidonda, mtu wa Taita, alisikia neno la Kiswahili akaandika alichosikia. Nami, mwalimu mzima mwenye cheti, nililisoma kwa Kiswahili kwa kuwa liliandikwa kwa Kiswahili. Samweli hakumwita mzee hata mara moja. Alikuwa akiuliza, mama yuko wapi?

Nitawaambia nilichohisi. Kwanza aibu, kwa ujinga wangu. Halafu hofu, kwa sababu mama alikuwa Gesima na aliyekuja ni mtu asiyetakiwa. Nilikwenda pale barazani nikiwa nimeamua kusema. Nikaanza na habari ya lori.

"Linaondoka kesho," nikamwambia. "Lingine ni Jumatano."

"Kesho ni Sabato."

"Ndiyo, Tata."

Mzee huyu tangu abatizwe hajawahi kupanda gari siku ya Sabato, hata kwenda mazishi. Alitoa ile karatasi, akaikunjua juu ya goti.

"Kama hangeniita, ningesubiri," akasema. "Mungu ni shahidi, ningesubiri mpaka Jumatano. Lakini ng'ombe tu akitumbukia kisimani siku ya Sabato hutolewa. Huyu ni mtoto, na ameita. Nilimwambia asiniite, naye ameita. Tutapanda."

Maneno yalikuwa mdomoni mwangu, nikayameza. Ningeyasema, tungebaki Isiolo tukimngojea Halake arudi, na Samweli anaungua peke yake. Ndivyo nilivyojiambia. Ukweli mwingine ni kwamba sikuwa na ubavu wa kumtazama mzee usoni nikimwambia hakuitwa.

ISIOLO HADI LAISAMIS

Mzee alikaa mbele na Halake. Mimi na Mutua tulikaa juu ya magunia, na kila lori liliposimama niliruka chini wa kwanza nijitie kati yao, Mutua asije akamwonyesha mzee Kikisii chake kipya. Mutua alidhani namlinda mzee dhidi ya habari mbaya. Alinipenda kwa hilo.

Barabara ile ni mabonde ya mchanga na mawe, jua linapiga kama limetumwa. Mchana springi ya nyuma ikakatika. Halake alishuka, akaitazama, akasema "Haya," akatandika mkeka kivulini mwa lori na kusali kwanza. Mutua akaingia chini na waya na kipande cha mti. Ilichukua alasiri nzima.

Walikuja wanawake wa Kirendile, shingo zimejaa shanga, na maziwa katika vibuyu vilivyofumwa kwa nyuzi. Mzee alikuwa na kiu ya siku mbili. Akanywa kikombe, akafuta mdomo.

"Yana moshi kidogo, na chumvi kidogo," akasema. "Lakini mazuri. Ng'ombe wa huku wanakula nini?"

Nikatazama pande zote. Ng'ombe hakukuwa na hata mmoja. Kulikuwa na ngamia kumi na kitu, wamesimama wakitutazama kwa dharau kama wakaguzi wa shule. Mzee akaongezwa kikombe cha pili, akaongezwa cha tatu. Ninyi mliosoma Mambo ya Walawi mnajua: ngamia hucheua, lakini kwato hazikugawanyika. Ni najisi, nyama yake na kila kitu chake.

"Tata," nikasema, "ni ya ngamia."

Kikombe kilisimama hewani. "Umejua lini?"

"Ulipokuwa kikombe cha kwanza."

"Nami niko cha tatu." Akakiweka chini kwa uangalifu, bila kumwaga. "Zakaria, wewe una ugonjwa. Unajua mambo, unanyamaza. Ulikuwa hivyo tangu utoto. Uliona nyoka ghalani ukakaa kimya mpaka shangazi yako akamkanyaga. Kuna lingine unalonificha?"

"Hapana, Tata."

Alinitazama sana. Kisha akamshukuru yule mwanamke kwa Kiswahili chake cha kanisani, maana adabu ni adabu. Tulilala Laisamis, na mimi sikupata usingizi wa maana.

MLIMA USIOONEKANA

Jumapili asubuhi Mutua alisema anataka kulala juu ya sukari, kwa hiyo nikakaa mbele na mzee na Halake. Tambarare nyeusi, mawe yametapakaa kama mtu aliyapanda kwa mkono. Mzee alikuwa ameegemea kioo cha mbele, anautafuta mlima. Saa zikapita. Lori lilikuwa likinguruma kwa gia ndogo bila mtu kuona sababu.

"Halake," mzee akauliza mwishowe, "mlima iko wapi?"

Halake alicheka mpaka akapiga usukani. "Mzee, uko juu yake tangu tuanze kula mkate."

Mzee akageuka kwangu kana kwamba nimemfanyia hila. Gari liliposimama kupoza injini nikashuka naye, nikaokota jiwe, nikaanza tena.

"Fikiria ngao ya vita, umeilaza chini, uso juu. Katikati imeinuka kidogo, pembeni imekwisha kabisa. Mlima huu uko hivyo. Uji wake ulikuwa mwembamba. Mimina uji wa wimbi kwenye sinia, unafanya nini?"

"Unaenea."

"Uache ukauke, umimine mwingine juu yake. Na mwingine, na mwingine, miaka na miaka. Hutapata kilele. Utapata kitu kipana, kinachopanda polepole mpaka mguu hauna habari. Uji mmoja peke yake hauzidi kimo cha nyumba. Ni wingi wake."

Alilizungusha lile jiwe mkononi. Lilikuwa jeusi, limejaa vitundu. Nikamwambia ndimo gesi ilimotokea, kama soda. Akachungulia ndani ya vitundu kwa jicho moja.

"Na vile?" akauliza. Kulikuwa na vilima vidogo vidogo vimekaa juu ya mgongo wa mlima.

"Mwishoni uji ukirushwa juu kwa mapovu hukauka hewani, unaanguka changarawe. Ndiyo hiyo waliyokuwa wakichimba kina Samweli."

Mbele kidogo Halake akatuonyesha shimo kubwa la duara kando ya barabara, limezama ghafla, nyasi za kijani chini kabisa na ng'ombe wadogo kama siafu. "*Gof*," akasema, ndilo jina la mashimo hayo kwao. Nikaeleza kwamba hapo mawe ya moto yalikutana na maji yaliyojificha ardhini. Maji yakawa mvuke kwa mara moja, na mvuke hauna subira. Mtu aliyewahi kumwagia maji kwenye mafuta ya moto anajua.

"Kumbe hata mlima mpole una siku yake," mzee akasema.

Kisha hewa ikabadilika. Miti ikaja, mikubwa, yenye ndevu za kijivu, na ukungu ukashuka mpaka Halake akawasha taa mchana. Baridi ikawa ile ile ya Gesima. Mzee alivaa koti lake, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumanne. "Mtoto alikuja kutafuta kwao," akasema.

KAMBI YA KOKOTO

Zahanati ya kambi ilikuwa chumba cha mabati chenye vitanda vinne. Dresa, bwana Mwadime, alitupokea kwa furaha kubwa, maana yeye ndiye aliyeandika ujumbe na hakutegemea jibu.

"Karibu mzee! Umefika! Huyu kijana amekuita mpaka sauti imemwisha."

Samweli alikuwa kitanda cha dirishani. Nisingemjua. Macho yameingia ndani, mguu umefungwa hadi pajani. Dresa akamwinamia. "Samweli, fungua macho. Baba yako huyu hapa! Yule uliyekuwa ukimwita!"

Mzee alisimama wima miguuni pa kitanda, kofia mkononi, kama mtu anayengoja kuhojiwa. Samweli akafungua macho. Akamtazama mzee, akamtazama, halafu akachungulia pembeni yake, kuelekea mlangoni.

"*Baba are ng'ai?*" akauliza.

Nilitamani bati lile liniangukie. Mzee hakutikisika. Niliona tu masikio yake yakibadilika rangi. Dresa alikuwa bado anatabasamu, anatutazama mmoja mmoja.

"Anasemaje?"

Mzee akamjibu mwenyewe, kwa Kiswahili chake. "Hapana mimi, daktari. Kwetu baba ni mama. Yeye naita mama yake. Mama iko mbali, Gesima." Akaiweka kofia juu ya kitanda. "Lakini mimi ndio nimekuja."

Kisha akavuta kibao akaketi, akashika mkono wa Samweli. Nikasubiri. Sijawahi kusubiri hivyo, hata matokeo ya mtihani. Samweli alikuwa amemkazia macho sasa, na akili ilikuwa imemrudia.

"Ulinikataza kukuita," akasema kwa Kikisii.

"Nilikukataza."

"Nikuite nani basi?"

"Niite Tata," mzee akasema. "Nimepanda lori siku ya Sabato. Nimekunywa maziwa ya ngamia vikombe vitatu. Sina tena mdomo wa kumkataza mtu kitu."

Samweli alijaribu kucheka, ikatoka kikohozi. "Tata," akasema, akafumba macho. Mzee akalia, waziwazi, bila kuficha uso, mbele ya dresa na Mutua na wagonjwa wawili Waburji waliokuwa hawaelewi neno. Nami nililia. Dresa akatoka nje kwa heshima.

Jioni hiyo mzee alimpikia uji wa unga wa mama, akamlisha kwa kijiko. Samweli alimaliza bakuli. Daktari wa misheni alikuja siku ya pili, akasema mguu utabaki, ila atachechemea. Homa ikashuka polepole. Mzee akasema atakaa mpaka mtoto asimame, mimi nirudi kwa wanafunzi wangu. Alinisindikiza hadi lori la Halake.

"Ulijua tangu Isiolo," akasema. Halikuwa swali.

"Ndiyo, Tata."

"Niliona ulivyokuwa ukimziba mdomo yule fundi. Sikutaka kuuliza." Akanipa ndizi ya mwisho, imeshakuwa nyeusi. "Nenda kamwambie mama yako ukweli. Umwombe radhi kwa niaba yangu. Mimi nimechukua safari yake."

GESIMA TENA

Njiani kurudi hakuna cha kusimulia. Hata gurudumu halikutoboka.

Nilimkuta mama kwenye mstari wa michai, kikapu mgongoni. Hakuja mbio. Alisimama akangoja nifike, na niliona amekonda. Nikamwambia kwanza kwamba Samweli yu hai na mguu upo. Akashusha pumzi, akashika tawi la mchai. Kisha, kama nilivyotumwa, nikasema lililobaki.

"Baba," nikamwambia, maana ndivyo ninavyomwita, "tulikosea. Samweli hakuwa akimwita Tata. Alikuwa akikuita wewe."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Ulisoma karatasi mbele yangu. Mtoto wangu analia 'Baba', nani mwingine anaitwa hivyo katika boma hili? Wewe umesoma mpaka umekuwa kiziwi. Na baba yenu alitaka kuitwa, ndiyo maana hakusikia."

"Mbona basi hukuja? Mbona ulisema hukuitwa?"

Aliendelea kuchuma, majani mawili na chipukizi, majani mawili na chipukizi.

"Ningekwenda mimi, yule mzee angebaki hapa na Sabato yake. Samweli angempata mama, ambaye hakuwa amempoteza. Nikaona afadhali nikae." Mikono yake ikasimama. "Siku zote hizi nimekaa hapa nikimsikia akiniita. Kila siku, Zakaria. Nikichuma, nikipika, nikisali. Ananiita na siendi. Kwa hiyo usinisimulie alivyokuwa akiita."

Akafuta uso kwa kiganja chenye utomvu wa chai.

"Niambie alikula nini."